Rosina Hakutolewa

Dereva wa lori alinishusha Mwimbi, mahali nisipomjua mtu, akanionyesha nyumba yenye kazi ya kupura ulezi. "Pale leo kuna pombe ya wapuraji. Saidia kidogo tu, hulali njaa."

Pombe ilikuwepo, mitungi imejaa. Watu hawakuwepo. Mwanamke mmoja alikuwa anaupiga ulezi kwa fimbo kana kwamba umemkosea.

"Na wewe umekuja kumtazama aliyetolewa?"

Jina lake Rosina. Kaka yake Polikarp, mwenye mashine ya kusaga Sumbawanga mjini, figo zake zimekufa. Yuko Dodoma, anasafishwa damu. Rosina anakwenda kumpa figo moja. Kijiji kimeshaamua kwamba Polikarp "amemtoa" dada yake, yaani kafara, ili mashine yake ivute wateja. Pombe ya aliyetolewa hainywewi, kwa hiyo hakuna aliyekuja kupura. Nimeishi na watu wa lugha nyingi, sijaona kitenzi kimoja kikifukuza watu uani namna hii.

Sebastiani, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameegemea ukuta. "Shemeji, utarudi nusu mtu."

"Nusu mtu ni wewe, tangu asubuhi unaushikilia ukuta usianguke!"

Akanigeukia, fimbo bado juu. "Walinipima damu, mkojo, moyo, figo zote mbili. Kisha daktari akaniketisha peke yangu, akasema: Unalazimishwa? Ukikataa, hata siku ya upasuaji, tutamwambia kaka yako hufai tu, basi. Akaniambia kidonda kitauma, na watu wachache sana hufa. Hakunificha. Figo itakayobaki itafanya kazi, ila nipimwe kila mwaka. Yule hanijui, kaniuliza ninachotaka. Hawa wamekula kwangu miaka yote, hakuna aliyeuliza!"

"Kakudanganya," alisema Sebastiani. "Umetolewa."

"Sijatolewa. Natoa! Figo ni yangu, mdomo wa kusema ndiyo ni wangu."

Basi la mjini likapiga honi. Alitupa fimbo, akachukua mfuko wake.

"Ulezi je?" Sebastiani aliuliza.

"Upo hapo. Na nikirudi, kwa wiki kadhaa sibebi kizito, daktari kakataza. Ndoo za maji ni zako, shemeji."

Akapanda bila kugeuka. Vumbi lilipotulia, Sebastiani alitazama huku na huku, akanyoosha kata kwenye mtungi. Nikamnyang'anya, nikamshikisha fimbo.