Balozi Alikunywa Ulanzi Wangu

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na baba mdogo akachukua shamba letu kule Kilolo. Shule nikaachia darasa la tatu. Tangu hapo sijamwamkia baba mdogo, hata msibani. Mimi ndivyo nilivyo.

Nimepakia viazi kwenye malori Uyole mpaka mgongo ukapinda, nikajenga nyumba mjini, mtaa wa Mlandege, kwa jasho langu. Uzeeni nikarudi Kilolo kulima kinyungu, yaani bustani ya bondeni ya kiangazi. Kilikuwa chini ya nyumba ya mzungu mmoja mzee. Kijiji kilimpa akitumie mpaka atakapoondoka, mimi nalima, mavuno tunagawana.

Mama aliyempikia akaniambia, "Baba, huyu kwao ni ukoo wa watemi. Tena alikuwa balozi wa nchi yao."

Mtemi gani anafua soksi zake mwenyewe? Nikamuuliza mzee mwenyewe. Akasema ni kweli, baba yake alikuwa na jumba na misitu, vita kuu ilipoisha serikali ya kwao ikachukua vyote.

"Ukafanya nini, Mzee?"

"Nikaenda kuifanyia kazi serikali hiyohiyo. Nchi hii na ile, naisemea."

"Iliyowanyang'anya?"

"Hiyo. Ukinuna, unakula peke yako."

Nikamwona mwoga. Kesho yake, nikipalilia, nikamkumbuka baba mdogo, nikaona labda mjinga ni mimi. Jioni nikamwona mwoga tena. Mtu yule alinivuruga kichwa.

Miguu ikamchosha, akasema anarudi kwao. Mimi nikakitaka kile kinyungu. Ardhi yangu mwenyewe Kilolo sikuwa nayo tangu utoto, na jina la baba yangu liko kule.

Wazee walinifundisha mtemi anavyoombwa. Unampelekea ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unaonja wewe kwanza, unapiga goti, unasema haja yako. Akiuacha, amekataa. Akinywa, amekubali. Basi nikaonja, nikasema. Akanywa kikombe chote, akafuta masharubu.

"Nimekusikia," akasema. "Jambo lako ni zito."

Kesho yake asubuhi nikapanda miparachichi, maana mti wa miaka hupandwa na mwenye ardhi. Mama mpishi akaja mbio.

"Baba! Amekupa?"

"Amekunywa."

"Si alikuwa na kiu!"

Mzee mwenyewe akashuka na fimbo yake, akaitazama ile miche, akavua kofia, akaivaa, akapanda kurudi nyumbani. Hiyo nayo ni lugha gani?

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza mbele ya watu, "Mzee, bonde ni la kijiji, lakini tunataka neno lako. Ulimpa huyu?"

Mzee akaegemea fimbo yake.

"Sikumnyima," akasema.

Watu wakacheka, wengine wakagomba. Mwenyekiti akajikuna kidevu. "Basi kijiji nacho hakimnyimi."

Aliondoka wiki ileile. Sikumuuliza kama mila yetu aliijua au alikuwa na kiu tu. Ningemuuliza, angenijibu vilevile. Mpaka leo sijui kama nilipewa.

Nilicho nacho leo: nyumba ya matofali ya kuchoma Mlandege. Ng'ombe wawili wa maziwa. Pikipiki moja, tairi la nyuma limekwisha. Mashine ya kukoboa mahindi. Kinyungu Kilolo, chenye miparachichi inayozaa. Baba mdogo bado yuko hai, ng'ambo ya mto, na parachichi zangu anaziona.