Kikopo cha Ussene

Mwanamume wa Quionga akiumwa jino, kijiji kizima hakilali kwa kelele zake. Akitokwa na damu kwenye haja kubwa, hunyamaza. Ussene Amade alinyamaza miezi saba. Alikuwa mkwezi wa minazi, hodari wa kuwapigia wenzake methali, hata ile ya mficha maradhi kifo humuumbua aliijua. Damu yake akaiita bawasiri, akaitibu kwa kuacha pilipili.

Mwaka 2013, gesi imekwisha kupatikana baharini, kambi moja ya wageni huko Palma ikatafuta waosha vyombo. Kila mwombaji alipewa kikopo alete choo kipimwe. Ussene alirudi nacho nyumbani, akakitia mkononi mwa mkewe Cadija.

"Nitilie chako."

"Changu? Kwani chako kina nini, baba Anchia?"

"Nisitiri tu, mke wangu. Wakiona damu, kazi hakuna, na watu watanicheka. Halafu eti mtu mzima niinamishwe, nitiwe kidole!"

Cadija akamsitiri. Ndivyo alivyofunzwa unyagoni, siri ya mume haitoki chumbani. Majibu yakaja safi, yameandikwa kwenye cheti, Ussene akapata kazi. Tangu hapo kila mkewe alipomsihi aende hospitali, alitoa cheti kile sandukuni: "Wamenipima wazungu, wewe nani?" Jamani, alikiamini kweli, mtu yule! Suruali ikawa inamvuka, akaongeza tundu kwenye mkanda.

Mwaka wa pili tumbo likamfunga, haja isitoke, akaanguka jikoni kambini, akapelekwa hospitali ya Pemba, mji wa mkoa wao. Daktari wa pale, Dotora Olívia, mgeni kutoka kusini, alimpiga picha ya tumbo, kisha akakisoma cheti cha kambi alichokabidhiwa na Ussene. Akauliza damu ilianza lini.

"Wiki hii," akasema Ussene.

Cadija alilitazama tumbo la mumewe lilivyovimba. Hasira zikampanda, juu ya mume na juu ya nafsi yake.

"Mwongo, dotora. Ana miaka miwili sasa. Choo kilichopimwa kilikuwa changu."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Dotora akakikunja cheti.

"Mngekuja wakati ule, tungeukata uvimbe wa utumboni ukiwa mdogo. Sasa umefika kwenye ini."

Ussene hakuuliza habari za ini. Alimgeukia mkewe, machozi yakimlengalenga.

"Umenivua nguo mbele za watu, Cadija."

Akampa mgongo. Siku kumi na moja zilizobaki za uhai wake alipokea maji mkononi mwa muuguzi. Mkononi mwa mkewe hakupokea.