Nilivyopewa Mtama wa Cucu Niulinde

Enzi zetu, na wewe uliyezaliwa kabla simu hazijaingia mifukoni utanielewa, manati ilikuwa mali. Sisi tuliiita feya. Ulikata panda ya mpera, ukaibabua motoni ikauke bila kupasuka, ukafunga vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, na katikati ukaweka ulimi wa kiatu kikuukuu. Kaka yangu Njeru aliwahi kukata ulimi wa kiatu ambacho hakikuwa kikuukuu. Kilikuwa cha Baba cha kwenda kanisani. Jumapili hiyo Baba alichechemea mbele na Njeru akachechemea nyuma, kila mmoja kwa sababu zake.

Nyumbani kwetu, juu kidogo ya soko la Karurumo, sheria ilikuwa moja: jiwe halirushwi uani. Mama alikuwa na kuku, na dirisha letu moja tu ndilo lililokuwa na kioo. "Jiwe ni la shambani," alisema. "Hapa mtatumia udongo." Basi tuliteremka mtoni kuchota udongo wa mfinyanzi, tukafinyanga gololi na kuzianika kivulini siku mbili. Zilikuwa nyepesi, na zikigonga kitu zilipasuka pu, zikaacha doa jekundu. Ukimpiga kuku, alikutazama kwa dharau akaendelea kuchakura.

Tulitundika kopo la mafuta ya kupikia kwenye mparachichi, tukahesabu hatua ishirini, tukapiga tangu kutoka shule hadi Mama aite watu wa kuteka maji. Hewa ilinukia moshi wa kuni na githeri iliyokuwa ikichemka tangu mchana. Raha ile sijui niifananishe na nini.

Wengine walikuwa wakicheza, lakini mimi nilikuwa na shabaha nyingine. Kila likizo ya Agosti, Cucu, mamake Baba, aliyeishi kule chini kwenye joto la Mbeere, aliomba mtoto wa kumlindia mtama dhidi ya ndege. Mtama ule ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka. Mlinzi alipanda ulingoni asubuhi na mapema, na tangu hapo watu walimwona mtu mzima. Kila mwaka alienda Njeru, nami nikabaki kukatia ng'ombe majani. Nilipofika miaka kumi nilimwambia Baba kwamba sasa ni zamu yangu. Baba alicheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Gonga hilo kopo mara kumi bila kukosa, utaenda," akasema. "Lakini ukiharibu huko, hutarudi tena."

Nilipiga muhula mzima. Nikagundua siri: kwa kuwa gololi ya udongo ni nyepesi, huanza kuanguka ikiwa njiani, kwa hiyo unalenga shubiri moja juu ya kopo. Siku ya mtihani nilipata kumi kwa kumi. Njeru alisema kopo lilisogezwa.

Cucu alinipokea kwa uji mchachu, akanionyesha ulingo, akanipa rundo la mawe, maana pale ni shambani. Jua lilipoanza kupanda, ndege walishuka kama wageni wa harusi waliosikia chakula kiko tayari. Nikavuta tyubu hadi sikioni, nikalenga shubiri moja juu ya suke, kama nilivyozoea. Lakini jiwe si udongo. Lilipita juu ya mtama, likapita juu ya ndege, likaenda kugonga mzinga wa nyuki wa Cucu uliokuwa umetundikwa kwenye mgunga ng'ambo ya shamba.

Nyuki hawakuuliza ni nani. Niliteremka ulingoni bila kukanyaga ngazi. Cucu, ambaye kutwa alilalamika magoti, alinipita njiani. Tulijifungia ndani ya nyumba tukajifunika gunia moja, mimi nimeumwa sikioni na yeye puani. Nililia sana, wala si kwa maumivu. Nilijua nimeharibu, na neno la Baba halikuwa na rufaa.

Cucu alichungulia kwenye ufa wa ukuta.

"Wawira," akasema, huku pua yake ikivimba nikiitazama, "kuja uone mtama."

Hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Huyo kaka yako amekuja hapa miaka mitatu, na sijaona hili shamba likinyamaza hivi." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema, "Utabaki. Lakini kesho tutafute udongo."

Nilibaki likizo nzima. Nilipiga ndege kwa gololi za udongo, wakaruka kwa ule mshtuko wa pu, na siku ya kuvuna ghala lilijaa hadi mlangoni. Baba hajaambiwa habari za mzinga hadi leo.

Siku hizi naishi Makutano, Meru, na mwanangu wa miaka kumi ni mlenga shabaha hodari. Analenga kwa kidole gumba kwenye simu. Tangu Jumatatu ameangamiza majeshi mawili na bado hajatoka jasho. Nikimtuma maziwa ng'ambo ya barabara, mimi mwenyewe husimama mlangoni nikimfuata kwa macho kwenda na kurudi, halafu jioni nalalamika kwamba watoto wa siku hizi ni walegevu.

Juzi nilimsimulia kisa hiki. Alicheka vizuri, kisha akauliza, "Mum, na kama ndege wangemaliza mtama wote?"

"Cucu angelala njaa."

"Na alikuachia wewe peke yako?"

Nikasema ndiyo, aliniachia. Akanitazama kwa wivu, na wivu ule ulinichoma. Nikiwa na umri wake nilikabidhiwa chakula cha mtu cha mwaka mzima. Yeye sijawahi kumkabidhi hata kitu kimoja ambacho akikiharibu, kuna mtu atakosa.