Robine Tuliyoipigia Makofi

Mimi ni muntu ambaye hakuna kitu cha dunia hii kingeweza kumushangaza. Ndivyo nilivyojiona. Darasa la tatu njo mwisho wangu wa masomo. Nilianza na beseni moja ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, sokoni Kalemie, na baada ya miaka kumi nilikuwa na mitumbwi mitatu, nyumba ya mabati na frigo. Kwa sababu hiyo wakaniweka katika baraza la zone, yaani la wilaya. Walimu walikaa nyuma. Mimi nilikaa musitari wa mbele, karibu na komisere, mukubwa wa zone.

Kule hatukuhesabu kura. Wakati ule wa Zaire, tulipoitana wote sitoyen, mambo yalipita kwa makofi. Komisere anasoma jambo, tunapiga, limepita. Asiyepiga, kuna mwenye kumuangalia. Na mikono yangu, iliyozoea kuvuta nyavu, ililia kuliko ya watu wote. Komisere alikuwa akinitazama kila akifika mwisho wa jambo, na mimi nilijisikia mukubwa.

Siku hiyo alisema sanduku la pesa la zone limebaki karibu tupu, akasoma vitu vya kukatwa. Mafuta ya taa ya materinite, kule wanawake wanakozalia: makofi. Gari ya maiti: makofi. Robine ya kartye ya juu, bomba la mutaa muzima ambalo zone ilikuwa inalilipia maji kila mwezi: makofi. Nilikuwa nimekwisha kupiga wakati maneno yaliponiingia.

Mwalimu mumoja akanong'ona nyuma yangu, "Sitoyen, ile si robine ya kwenu?"

"Mimi niko na kisima changu," nikamujibu bila kugeuka.

Ningeweza kusimama. Pesa ya maji ya mwezi ule ilikuwa mufukoni mwangu, na zaidi.

Karibu na robine ile alikaa yaya, dada yangu mukubwa, aliyenilea mama alipokufa, na aliyeninunulia ile beseni ya kwanza. Jioni nilipita kwake.

"Mulikata nini leo, Papa Mushauri?" Aliniita hivyo kwa kunicheka.

"Mambo ya zone, yaya."

"Na robine?"

"Imesimamishwa kidogo."

"Nani alisimamisha?"

"Baraza."

"Baraza halina mikono. Mwenye mikono ni wewe. Tuliisikia mpaka huku."

Nikamwambia awe anachota kwangu.

"Nije na ndoo nikupigie hodi, mimi niliyekupangusa makamasi? Hapana."

Ningeweza kumupelekea pipa la maji kila asubuhi, watu wa kazi nilikuwa nao. Lakini nikasema moyoni, kiburi chake kitaisha, atakuja. Nikangoja aje.

Wakafunga robine, wakaondoka na kichwa chake cha chuma. Wanawake wakawa wanashuka kuchota mutoni Lukuga. Mvua zilipoanza, kolera ikapanda nazo kartye.

Yaya alianza kuhara asubuhi. Kufika saa tisa macho yalikuwa yameingia ndani, na vidole vimekunjamana kama vya muntu aliyefua nguo siku nzima. Nilimubeba mugongoni kwenda hospitali. Alikuwa mwepesi kwangu mimi ninayebeba magunia. Njiani akasema, kwa sauti ndogo sana, "Shika vizuri na hiyo mikono yako, nitaanguka." Hakusema neno lingine.

Kwenye mukutano uliofuata komisere alisoma salamu za pole kwa sitoyen aliyefiwa na dada yake. Alipofika mwisho akanitazama, kama kawaida yake. Watu wakapiga makofi. Hawakuwa na ubaya, ni mazoea. Mikono yangu niliikalia.

Nje, mwenye kushika sanduku la zone akanifuata. "Pole, Papa. Mazishi yalikula ngapi?"

Nikamutajia: mbao za jeneza, sanda, na kamyo ya kukodi, maana gari ya maiti nayo tuliipigia makofi siku ileile. Zaire elfu moja mia nne na themanini. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Hiyo ingelipa maji ya robine ile mwaka muzima."