Suruali Iliyokatwa Bila Kupimwa

Kila asubuhi, akitia mafuta cherehani, mama mdogo alimwomba binti wa dada yake neno moja la Kiingereza. Baadhi ya wateja wake walikuwa wageni, naye hakupenda kuchekwa. Siku zote aliomba maneno ya kazi: pindo, kifungo, kiuno. Juma hili alikuja na lake mwenyewe, na wala hakusema kalitoa wapi. Abundant.

"Maana yake nini, na linatumikaje?"

Binti alikuwa amesoma chuo kikuu, ingawa mbele ya wateja hata salamu ilimshinda. Alifafanua taratibu. Ni kitu cha tele, kilichojaa hadi kikabaki. Husemwa kuhusu mvua, mavuno, matunda ya porini. Ni neno la vitabuni zaidi. Dukani watu wana jingine jepesi.

"Na mtu je, anaitwa hivyo?"

"Mtu mwenyewe hapana. Alicho nacho, ndiyo. Subira yake, kwa mfano. Au nywele."

"Nywele hana," alisema mama mdogo, kisha akainamia cherehani kana kwamba aliyesema ni sindano.

Hana nani? Machale yakamcheza binti. Tangu mama yake afariki alilala chumba cha nyuma cha duka hili, na kwingine hakuwa nako. Akaanza kutega sikio. Simu ikilia, mama mdogo alitoka nayo uani. Akiulizwa, eti ni mtu wa vitambaa. Mtu gani wa vitambaa anayechekesha namna ile?

Kilichomkata maini hasa ni suruali. Mama mdogo hakuwahi kuamini macho yake kwenye vipimo. Hata marehemu dada yake alimpima upya kwa kila nguo. Alhamisi alitandaza kitambaa cha kijivu mezani, akachora kwa chaki kiuno kipana na miguu mifupi, akakata. Futi ya kupimia ilikuwa imening'inia msumarini. Hakuna mwanamume aliyekuja kupimwa.

Binti aliinama kuokota vipande sakafuni. Mwenye kiuno kile angetaka kuishi na mtoto wa shemeji, tena mtu mzima? Akajikaza.

"Mama mdogo, unaolewa uniache?"

Mama mdogo alitoa pini mdomoni, akaziweka mezani.

"Naolewa. Yeye ndiye anayehamia hapa, na chumba chako ni chako."