Kompyuta Ndani ya Furushi la Mashuka

Fortunata, Mama Brightness, muuza mashuka wa Kariakoo, haamini kufuli wala mtu. Ukimwambia apunguze wasiwasi, atakuuliza wewe umeshaibiwa mara ngapi.

Basi shule ilipowapa watoto wa kidato cha kwanza kompyuta za kwenda kusomea nyumbani, wazazi wenzake walishangilia, yeye akapandwa na presha. Mwalimu Theophil alisema waziwazi: asiyeitunza au asiyeitumia, inarudishwa, anapewa mtoto mwingine. Mama wa watu akasikia kutunza tu, hilo la pili likampita! Kila asubuhi akawa anaibeba kutoka Ilala, anaizungushia mashuka, anaifunga ndani ya furushi dukani. Jioni anarudi nayo, anailalia. Brightness akiomba kuifungua, anaambiwa, "Majirani wataona mwanga."

Juzi mwalimu akaita wazazi na watoto, kila mmoja aje na kompyuta yake mchana. Fortunata akamwachia mdogo wake duka, akatoka kidogo kununua chakula. Aliporudi na kunyoosha mkono kulichukua furushi, halikuwepo.

"Heriel! Furushi la pembeni liko wapi?"

Mdogo wake akachekelea. "Nimeuza, dada! Bi Sitara wa Kigamboni kalibeba zima zima. Guta la mizigo limeshatoka kwenda Magogoni, kwenye pantoni la kuvukia."

Jamani, kompyuta ilikuwa mle! Na atamlaumu vipi Heriel, wakati hata yeye hakuambiwa kilichofichwa mle? Akarukia bodaboda, akamhimiza dereva kama anapeleka mgonjwa hospitali. Kichwani lilikuwa moja tu: ikivuka maji, mwanangu ndiyo basi tena.

Alikuta pantoni linapakia. Akapenya katikati ya watu, akamdaka Bi Sitara getini.

"Shikamoo, mama. Nakuomba tulifungue hilo furushi."

"Marahaba. Tulifungue la nini tena? Si tumeshamalizana?"

Fortunata hakungoja. Akalifungua palepale chini, watu wamewazunguka. Ipo! Akaikumbatia, akalia bila kumwonea mtu aibu.

"Loh! Kumbe nimeuziwa mashuka yenye mimba," Bi Sitara akasema, watu wakaangua kicheko.

Shuleni alifika anahema, jasho linamtiririka, lakini kifua mbele. Akaiweka mezani. Mwalimu Theophil akaiwasha, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Hii haijafanyiwa hata zoezi moja. Brightness, kwa nini?"

Wazazi wote wakageuka. Mtoto akainamisha kichwa. "Mimi mvivu, mwalimu."

Mvivu! Huyo mtoto anayeandika mazoezi ya kompyuta kwa penseli, kwa kuwauliza wenzake kilichotokea kwenye kompyuta zao! Mwalimu akaizima, akaisogeza kwenye zile zinazorudishwa.

Fortunata akasimama.

"Mwalimu, anasema uongo. Ananifichia aibu. Nilimnyima mimi, mama yake. Kila siku aliniomba, na kila siku nilimkatalia."

Brightness akaanza kulia kwa kwikwi. Mwalimu Theophil akaivuta tena kompyuta, akainuka nayo. Fortunata akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.

"Mama Brightness, hii hukupewa wewe," mwalimu akasema, akampita, akamkabidhi mtoto.