Michoro Mitatu ya Khaemba

Khaemba aliisoma barua ya bima akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Bima ya gari lake la Probox ilikuwa imepanda karibu maradufu. Kisa na maana, ajali tatu ndani ya mwaka mmoja.

"Ajali za nani?" akamuuliza bintiye Nanyama, aliyekuwa akipanga trei za mayai. "Wengine wanagonga gari langu, halafu ati mimi ndiye nalipishwa."

Nanyama aliendelea kupanga. Baba yake akianza hivyo, kumjibu ni kutia petroli kwenye moto.

Na tuseme kweli, mzee alikuwa na sababu ya kujivuna. Miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la kupeleka magogo kwenye kiwanda cha karatasi pale Webuye, na hakuwahi kukwaruza hata kioo. Alipoacha kazi hiyo akanunua Probox, akawa anachukua mayai kwa wafugaji wa Kitale na kuyauza Bungoma. Watu walikuwa wakisema mayai ya Khaemba hayavunjiki, na yeye aliyapenda maneno hayo kuliko faida ya mayai yenyewe. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Mtu akiipenda sifa kiasi hicho, siku ikitaka kumponyoka ataing'ang'ania hata kwa meno.

Ajali ya kwanza ilikuwa ng'ombe, karibu na Kiminini. Kosa la ng'ombe. Ya pili ilikuwa nguzo ya geti la jirani. Kosa la fundi, aliyeijenga karibu na barabara. Ya tatu ilikuwa mtu.

Phelista, mama anayeuza ndizi mbivu sokoni Chwele, alikuwa akitembea kando ya barabara na beseni kichwani. Probox ikamtupa mtaroni, mguu ukavunjika mahali pawili. Khaemba alishuka, na badala ya kusema pole akamfokea mbele ya umati, "Mama, umelewa? Unajitupa mbele ya gari mchana kweupe?" Watu wakaamini, kwa sababu aliyesema ni Khaemba. Kwenye fomu ya bima akaandika hivyo hivyo, kwamba mwenda kwa miguu alijitosa barabarani. Kampuni ikakataa kumlipa Phelista hata ndururu. Mengine nitamtetea mzee huyu, lakini hili simtetei.

Basi asubuhi ile ya barua akaenda Bungoma, akaingia kwa Fardosa, ajenti wake wa bima, kwenye jengo lililo nyuma ya msikiti. Hakusalimu.

"Ipunguze."

"Hata mimi sijambo, mzee Khaemba," Fardosa akasema. "Keti."

Akamweleza njia zote anazozijua. Kufunga kifaa cha kufuatilia gari? Khaemba akasema yeye si mwizi wa kufuatiliwa. Kukubali kujilipia sehemu kubwa zaidi gari likiharibika? Sasa bima ni ya kazi gani. Kuchukua ile bima ndogo, inayolipa wengine tu? Kwani gari lake ni takataka? Kumwandika Nanyama awe ndiye dereva, kwa kuwa hajawahi kugonga kitu? Hapo akapiga meza mpaka kalamu zikaruka.

"Huyo nilimfundisha mimi," akasema. "Mimi."

Fardosa alimwacha apumue. Kisha akatoa faili, akazitandaza fomu zake tatu za ajali. Kila fomu ina kisanduku cha kuchora ajali ilivyotokea, na Khaemba alichora kwa bidii ya mtoto wa shule, barabara kwa rula, gari katikati, mshale pale lilipogonga.

"Mimi siwezi kukufundisha udereva," Fardosa akasema. "Lakini angalia mishale."

Akaangalia. Ng'ombe, kushoto. Nguzo, kushoto. Mama wa ndizi, kushoto.

"Si watu hutembea upande huo, bana. Na ng'ombe pia."

"Nguzo haitembei, mzee."

Khaemba akazisukuma fomu kando. Fardosa akamwambia akapimwe macho. Akionekana mzima, yeye mwenyewe atampigania huko kwa kampuni mpaka wachoke. Mzee akaondoka bila kuaga. Alikwenda kupimwa, ndiyo, lakini ili arudi na karatasi ya daktari amtupie yule msichana wa bima mezani.

Daktari wa macho pale Kitale alimfunika jicho la kulia, akamuuliza anaona vidole vingapi. Khaemba akangoja. Alidhani daktari bado hajainua mkono.

Ilikuwa presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa likifanya kazi ya mawili kwa mwaka mzima, labda zaidi. Haiumi, daktari akasema, ndiyo maana watu huchelewa kuja. Khaemba akamwambia mashine yao ni mbovu. Akasema hospitali za siku hizi ni biashara tupu. Kisha akatoka, akakaa kwenye ngazi, akampigia Nanyama simu aje amchukue pamoja na gari.

Siku mbili baadaye alirudi kwa Fardosa, na safari hii hasira ilikuwa imegeuka ikamkabili mwenyewe. Alichukia jicho, alichukia ile rula, alichukia mkono ulioishika.

"Sasa itashuka," Fardosa akasema. "Nanyama aendeshe, wewe uache. Ng'ombe na nguzo ni vitu vidogo, nitaongea na kampuni. Na ile ya Chwele haikuumizi sana, kwa sababu kosa ni la yule mama."

"Kosa ni la nani?"

"Kwenye faili ni lake."

"Nikibadilisha faili?"

Fardosa aliweka kalamu chini. "Watamlipa. Na watakuuliza kwa nini uliandika vile. Bima yako haitashuka, mzee. Wanaweza hata kukukataa kabisa. Na bila stika ya bima gari halitoki nyumbani, wewe unajua."

Alijua. Bila gari hakuna mayai, na mayai ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha. Njia ya kuipunguza ile bima, aliyoitafuta kwa ngumi na matusi, ilikuwa hapo mbele yake. Alichotakiwa ni kufunga mdomo tu.

"Nipe fomu nyingine," akasema kwa ukali, kana kwamba Fardosa ndiye aliyemkosea. "Na rula."

Siku ya soko Nanyama alimpeleka Chwele. Phelista alikuwa ameketi juu ya kreti, mkongojo ubavuni, ndizi zimepangwa kwenye gunia. Wateja wengi walimpita wakaenda kwa wanaoweza kusimama. Alipomwona Khaemba hakuinuka, na hata angeweza asingeinuka.

"Mama, nimekuja juu ya ile siku," Khaemba akasema kwa sauti ya chini. "Nimepimwa macho. Hukujitupa. Mimi ndiye sikukuona. Nimeandika hivyo kwa bima, na nimetia sahihi."

Phelista akamtazama.

"Bwanangu alinipeleka kwa mchungaji niombewe niache pombe," akasema. "Mimi sijawahi kuonja pombe. Nikimwambia, ananiambia Khaemba hawezi kudanganya. Na huu mguu hajauliza unaumaje."

Khaemba akafungua mdomo aseme pole.

"Hapana," Phelista akasema. "Pole utasema baadaye. Ile siku ulisema kwa sauti, sema kwa sauti."

Khaemba akasema kwa sauti. Wauza nyanya wakageuka. Mtu mmoja akaacha kuhesabu chenji.

"Wale wa vitunguu hawajasikia," Phelista akasema.

Khaemba akageukia upande wa vitunguu, akarudia.